Kinacholisha Bwawa

Tulihamia Theta, mashambani kupita Ruiru, kutoka mtaa wa Kahawa Wendani kwa sababu mama mkwe wangu alichoka kuishi mahali pasipo na udongo. Alikuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe, na kila asubuhi alisimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, akiwatazama wanafunzi wa chuo wakipita, kisha akaniuliza kama kuna mahali hapa mtu anaweza kupanda hata kitunguu. Watoto humwita Cucu, yaani nyanya, na sisi wengine tukalizoea jina hilo. Tulipopata ploti karibu na bwawa, alifunga mizigo yake kabla sisi hatujaanza kufunga yetu.

Mimi ni mshonaji wa mapazia. Kule Wendani nilishonea hosteli za wanafunzi. Huku Theta nikaiweka cherehani katika chumba cha mbele, chenye dirisha pana linalotazama bwawa. Bwawa lenyewe lilichimbwa zamani ili kumwagilia shamba kubwa la kahawa. Kahawa iling'olewa, shamba likakatwa ploti, bwawa likabaki. Kijito huingia upande wa juu na kutokea chini ya ukuta wa bwawa upande wa pili. Bata walioga humo, na ng'ombe wa kila mtu walikunywa humo, akiwemo mtamba ambaye Cucu alimleta kutoka nyumbani kwake.

Kiangazi chetu cha pili pale, nilifungua pazia asubuhi nikaona rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye maji. Nimeshika vitambaa vya kijani vya kila aina, lakini hiki kilikuwa kizito, kimejikusanya upande ambao upepo ulikuwa ukisukumia. Nilidhani kuna mtu amemwaga rangi ya nyumba. Nikashuka, nikatia kidole, kidole kikatoka kimepakwa. Harufu ilikuwa ya majani yaliyooza ndani ya mfuko wa plastiki.

Siku chache baadaye Cucu aliniita kutoka nje, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mwari," yaani binti kwa Kikikuyu, "kuja uone hii ng'ombe."

Mtamba alikuwa amelala kando ya maji, miguu imenyooka. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekula vizuri. Cucu alikaa chini kwenye nyasi, akaweka mkono kwenye shingo yake, akauacha hapo mpaka daktari wa mifugo alipofika na pikipiki kutoka Ruiru.

Daktari aliuliza alikunywa wapi, akashuka mpaka majini, akachutama hapo kwa muda. Aliporudi aliomba maji ya tangi anawe mikono.

"Si kupe," alisema. "Ni hiyo maji."

"Kuna mtu ametia sumu?" Cucu aliuliza.

"Hakuna mtu. Hiyo kijani ni vitu hai, vidogo sana, vingi kushinda mtu kuhesabu. Kwa vitabu wanaita mwani. Na mwani wa aina hii unatengeneza sumu yake wenyewe. Msiwache mnyama mwingine akunywe hapo, na watoto wasiingie."

"Na unakula nini?" nikamuuliza.

Alinitazama. Nafikiri alitarajia nimuulize dawa.

"Ule chakula mahindi yako inakula. Mbolea. Mavi ya wanyama. Ya watu pia. Sabuni kiasi. Ikiingia mingi kwa maji, na jua liwe kali, mwani unashiba, unazaana."

Tulimzika mtamba. Mimi nikarudi kwenye cherehani, lakini mawazo yangu hayakurudi. Nilikuwa nimelitazama bwawa kila siku kama mtu anavyotazama picha ukutani, na sasa ninaambiwa kwamba lilikuwa likila. Nilitaka kujua nani analilisha.

Majirani hawakuwa na shaka. Kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake. Mwenye mboga alisema ni fleti mpya. Mlinzi wa fleti alisema ni nguruwe wa jamaa mmoja huko juu. Mama wa duka alisema ni kiwanda, ingawa hakuweza kuniambia ni kiwanda gani wala kiko wapi. Usiniulize mimi nilimshtaki nani, maana nilibadilisha kila siku.

"Hii maneno ya kukaa hapa tukisema, haisaidii," Cucu alisema. Alikuwa amevaa gambuti tayari. "Mto si mrefu. Twende tuone."

Tulikusanya chupa tupu za soda, nikaziosha na kuzikausha, tukaanza kupanda kando ya kijito. Mpango haukuwa mkubwa: kila mahali ambapo kitu kipya kinaingia majini, tuchote chupa moja, niandike mahali hapo kwa kalamu ya wino mzito, tuendelee.

Hatua chache tu juu ya bwawa tulikuta kinamasi ambacho sikujua kipo. Ilikuwa ploti iliyoachwa, imejaa mafunjo marefu kuliko mtu, ndege wakipiga kelele ndani. Lakini katikati yake kulikuwa na mtaro mpya, umenyooka kama rula, na karibu maji yote ya kijito yalikuwa yakipita humo mbio hadi bwawani. Ni kiasi kidogo tu kilichokuwa bado kikizunguka ndani ya mafunjo, na kutokea kando polepole. Upande wa barabara, lori zilikuwa zimeanza kumwaga udongo mwekundu.

"Huyu anataka kukausha ajenge," Cucu alisema. Nikachota chupa mbili, moja mtaroni, moja pale maji yalipotokea kwenye mafunjo.

Juu zaidi, mashamba ya sukuma wiki na nduma yalikuwa yamelimwa hadi ukingoni kabisa, hata mtu hana pa kukanyaga. Mvua ya kwanza tu ingeshuka na mbolea yote. Tukapita nyuma ya fleti, ambako bomba la maji ya kuogea lilitoa povu ndani ya mto. Cucu alifunga pua kwa leso na kunishikia kifuniko. Halafu tukafika kwa nguruwe.

Mwenyewe alikuwa akiosha banda kwa mpira wa maji, na maji yakishuka moja kwa moja mtoni. Alikuwa mtu wa makamo kutoka magharibi mwa Kenya. Alifanya kazi kiwandani Thika miaka mingi kabla ya kununua ploti hiyo. Alipotuona na chupa alifunga mfereji.

"Mmetumwa na nani?"

"Tumetumwa na ng'ombe," Cucu akamjibu. "Amekufa."

Nilidhani atatufukuza. Badala yake aliuweka mpira chini, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Pole, Mama. Alikunywa ile kijani?"

"Ndiyo."

Akageuka kuutazama mto, akasema, "Kwetu ni kando ya ziwa. Nikiwa mdogo, maji ikigeuka hivyo, tulikuwa tunaona samaki wamepanda juu kabisa, mdomo wazi, wanatafuta hewa. Tunawaokota na mkono. Tulifikiri ni baraka."

Nikamwonyesha chupa, nikamweleza kwamba nataka kuchota pale maji ya banda yanapoingia. Alifikiri.

"Hii chupa yangu ikikuwa kijani, mtakuja kuniambia, ama mtaenda kwa chifu kwanza?"

"Tutakuja kwako," nikasema.

"Basi chota."

Nyumbani nilipanga chupa dirishani, mbele ya cherehani, mahali jua huingia asubuhi. Katika kila moja nilitia tone la maji ya bwawa lenye mwani kidogo, kama mtu anayetia hamira. Nilitaka kuona ni maji ya wapi yatakayoulisha mwani vizuri zaidi. Chupa moja niliijaza maji ya mvua kutoka kwenye tangi, ili nijue mwani ukikosa chakula unafanya nini.

Kulikuwa na chupa moja iliyoharibika. Nilikuwa nimeichota bwawani penyewe, nikaizamisha sana, ikarudi na matope meusi. Nilimwaga maji yake, lakini matope yaligoma kutoka chini, na chupa zilikuwa zimeisha. Nikaijazia maji ya mvua juu ya matope, nikaitia tone lake, nikaisukuma mwisho wa safu, nikaisahau.

Wiki zilizofuata nilishona kidogo kuliko nilivyotazama. Wateja walikuja kuchukua mapazia wakanikuta nimeinua chupa kwenye mwanga. Maji ya mvua yalikaa meupe. Mwani wake ulififia ukafa. Ya fleti yaligeuka kijani. Ya mtaroni vilevile. Ya nguruwe yalikawia kwanza, yalikuwa meusi mno hata jua lisipenye, halafu yakawa kijani kizito. Ile ya mafunjo ndiyo iliyonishangaza: maji yale yale ya kijito, yaliyopita tu polepole kati ya mizizi, na chupa yake ilikuwa na kivuli chepesi cha kijani ambacho ilibidi niweke karatasi nyeupe nyuma yake ndipo nikione.

Halafu Cucu, akipangusa dirisha, akaniuliza, "Na hii ya mwisho ni ya wapi? Imeshinda zote."

Ilikuwa ile ya matope. Ilikuwa imejaa kijani hadi shingoni. Nilifikiri nimechanganya chupa. Maji yake yalitoka kwenye tangi langu, maji ya mawinguni, hayakupita kwa nguruwe wala kwa fleti. Nikashuka bwawani, nikachota matope mengine kwa makusudi, nikarudia kila kitu kwa uangalifu zaidi kuliko ninavyokata kitambaa cha bei. Ikawa vilevile.

Kwa nguruwe nilirudi kama nilivyoahidi, na chupa yake mkononi. Aliitazama, akaigeuza, akasema ni haki. Lakini alitaka kuziona zingine. Alikuja nyumbani kwetu na viatu safi, akasimama dirishani kama mtu aliyekuja kuona maiti, akisoma nilichoandika, chupa moja baada ya nyingine.

"Na hii?" akagusa ile ya matope. "Hii ni ya nani?"

"Hiyo si ya mtu. Ni bwawa lenyewe."

"Bwawa linajilisha?"

"Ndivyo inavyoonekana. Sijui kwa nini."

Tuliinama juu ya chupa hiyo, mimi, yeye na Cucu. Nadhani hicho ndicho kilichotufanya marafiki: kila mmoja alilitaka jibu.

Daktari wa mifugo, nilipompigia simu, alicheka, akasema yeye ni wa ng'ombe tu. Lakini alimjua mwalimu mmoja wa chuo anayesomesha mambo ya maziwa na mito. Nikazifunga chupa ndani ya kikapu cha sokoni, nikazifunika kwa leso, nikaenda hadi Wendani, mtaa ule ule niliouhama. Mwalimu alikuwa mama mpole mwenye sauti ya chini. Hakunicheka. Alizipanga mezani kwake kwa utaratibu nilioupanga mimi, akaniuliza kila moja niliichotaje, na kwa ile ya matope akavaa miwani.

"Hii hukuifanya kwa makusudi?"

"Mara ya kwanza, hapana."

Akanieleza. Miaka yote ile ya kahawa, na baada ya kahawa, mbolea na udongo vilivyoshuka na mvua vilitulia chini. Matope ni ghala. Kunapokuwa na hewa ya kutosha kule chini, ghala linafungwa. Lakini mwani ukizidi, ukafa, ukazama, ukaoza, hewa kule chini inaisha, na hapo mlango unafunguka na chakula kinapanda tena juu. Mwani mpya unakula akiba ya zamani.

"Kwa hivyo hata tukiziba kila mtaro leo?" nikamuuliza.

"Hata mkiziba leo, bwawa litaendelea kuwa kijani kwa muda. Pengine miaka. Lakini msipoziba, ghala linaongezwa kila mvua. Na hayo mafunjo," akaigusa ile chupa nyepesi, "msikubali yafukiwe. Hapo maji hutembea polepole, udongo unatua, mizizi inakula."

Nilirudi nyumbani na furaha ya ajabu, ingawa habari ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimeelewa kitu. Nilimweleza Cucu jikoni tukimenya viazi, naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi huyo wa udongo mwekundu tumtafute haraka."

Mwenye ploti ya mafunjo alikuwa mwanamke aliyeishi Ngoingwa, upande wa Thika, na kuuza nguo mjini. Mlinzi wa ploti alinipa namba yake. Nilifika stendi ya Thika, nikachukua boda boda hadi kwake. Alinikaribisha chai, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi.

"Mimi nimenunua hiyo ploti na jasho," alisema kabla sijakaa sawasawa. "Kila mtu anayekuja ananiambia nisifanye nayo kitu. Nifuge vyura?"

Vyura nikawaacha kando. Nikatoa chupa mbili tu, ile ya mtaroni na ile ya mafunjo, nikaziweka kwenye meza yake. Nikamwambia zote zimechotwa kwenye ploti yake, siku moja, hatua chache kati ya moja na nyingine. Nikamwambia kuhusu mtamba.

Alizitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliinua ile nyepesi dirishani, kama nilivyofanya mimi.

"Hii yote ni nyasi imefanya?"

"Nyasi, na kutembea polepole."

"Mama yangu alikuwa akichota maji mahali kama hapo," akasema. "Alikuwa anatukataza kukata hayo majani. Alisema kisima kitakasirika. Tulimwona mshamba." Akairudisha chupa mezani. "Siwezi kuwacha ploti yote. Nina watoto. Lakini upande wa mto, hata sheria hainiruhusu kujenga. Wacha nije nione."

Alikuja Jumamosi, kwa viatu vya mjini, Cucu akampa gambuti zake. Walitembea pamoja kwenye ukingo wa kinamasi wakizungumza Kikikuyu haraka mno, nikabaki nyuma na yule wa nguruwe. Sehemu ya barabara aliibakisha kwa nyumba zake, na nyumba hizo zimesimama leo, zina wapangaji. Sehemu ya mto aliiacha. Aliwakataza watu wa lori kupita alama alizoweka, na akakubali tuuzibe mtaro upande wa juu. Tuliuziba kwa magunia ya mchanga, sisi na watu wachache wa kanisa letu, asubuhi moja yenye matope hadi magotini. Maji yalisitasita mbele ya magunia kama mtu aliyesahau njia, kisha yakageuka, yakaingia kwenye mafunjo.

Yule wa nguruwe alichimba shimo, akaacha kuosha banda kwa mpira. Sasa hukwangua kwa koleo, na wenye nduma huja kuchukua samadi iliyooza. Baadhi yao walikubali kuacha ukanda wa nyasi za nepia kando ya mto. Mmoja alikataa kabisa, na mpaka leo analima hadi majini na kunisalimia kwa furaha. Bomba la fleti lilichukua muda mrefu zaidi. Kikundi cha watumiaji maji wa kijito chetu, ambacho nilikuwa nimejiunga nacho, kilizungumza na mwenye fleti mara nyingi, mpaka akajenga tangi la kupokea maji taka, na kwa hilo mimi sikufanya kitu ila kuketi mikutanoni.

Kiangazi kilichofuata, bwawa likawa kijani tena.

Nilijua litakuwa hivyo. Mwalimu aliniambia. Lakini kujua hakukunisaidia nilipofungua pazia. Mama wa duka aliniuliza kama chupa zangu zilikuwa zimelala. Niliingia ndani, nikakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Cucu alikuja na uji, akaketi kwenye rundo la vitambaa.

"Walipoacha kahawa," alisema, "huo udongo ulikuwa umelishwa miaka mingapi?"

"Mingi."

"Basi na wewe ngoja kidogo."

Tukangoja. Mwaka uliofuata kijani kilichelewa, kikaja chembamba, kikakaa pembeni tu. Mwaka huu mvua za vuli zilipokatika nilikitafuta asubuhi nyingi nikakikosa, halafu kikatokea kwa siku chache za joto, kikaondoka. Sijui mwaka ujao utakuwaje. Ng'ombe wa sasa hunywa maji ya tangi kwenye birika la saruji juu ya ukuta wa bwawa, na hakuna aliyepumbaa tena kuwaachia bwawa.

Juzi Cucu aliniuliza kitu ambacho, kwa aibu, sikuwahi kujiuliza. Tulikuwa juu ya ukuta, tukitazama maji yakitokea upande wa pili.

"Na hii inaenda kwa nani?"

Nilijua inaenda kuingia mto mkubwa, kama nilivyosoma shuleni. Kwa nani, sikujua. Tulikuwa tumepanda juu mara nyingi na hatukuwahi kushuka chini. Tukavaa gambuti. Njia ilikuwa mbaya, imejaa miiba, na Cucu alinishika bega mahali penye mteremko. Tulipotokea kwenye uwazi tulikuta shamba dogo la nyanya, na mama wa rika langu akichota maji kwa ndoo. Alisimama, ndoo mkononi, akatutazama kuanzia viatuni.

"Nyinyi ni wa pale bwawani?"

"Ndiyo," nikasema.

"Nimekuwa nikitaka kuwaona," alisema. "Hii maji yenu ilikuwa inanifikia hapa ikiwa kijani." Hakuwa na hasira. Alionekana tu mtu mwenye swali la siku nyingi. Akageuza ndoo tupu nyingine juu chini, akaipangusa kwa mkono, akanisogezea. Cucu akaketi kwenye jiwe. Nami nikaketi juu ya ndoo, nikamwambia aanze mwanzo.